Sindano Namba Tisa

Miaka ishirini na sita nilichomelea mabomba Marmul,
jua likinichoma kisogo, moto ukinichoma uso,
na mkono wangu haukuwahi kutetemeka.
Leo, sebuleni Al-Khoudh, kiyoyozi kikikohoa,
tundu la sindano limenishinda mara saba.

"Lamba uzi," anasema Thuwaiba.
Nalamba.
"Si hivyo, unaulowesha kama ng'ombe.
Ukate kwanza, mshazari, ndipo uulambe."

Mkono wake wa kulia umelala mapajani
tangu usiku ule wa mwezi wa Rajabu,
umelala kama mgeni aliyechoshwa na safari.
Ulimi, alhamdulillahi, uliamka siku ya tatu.
Kofia ya mjukuu imebaki kikapuni:
kitambaa cheupe, ua moja limekwisha,
kumi na moja ni penseli tupu,
na Sleyum anaoa Mfunguo Mosi.

"Anza na mpaka. Ua lisilo na mpaka ni doa."

Kwanza bandi. Sindano yazama, yaibuka, yazama,
kuku anadonoa uani.
"Hiyo ya kushikizia tu. Usiiamini."

Kisha mshono wa kurudi nyuma:
unaibuka hatua moja mbele,
unarudi kuchoma palepale uzi ulipoishia,
unapita chini kwa chini, unatokea mbele zaidi.
Namuuliza, kwa nini nirudi, na mimi nakwenda?
"Wewe mtu wa Wete," anasema, "uliyezikiwa kitovu kule
na babu yako kazikwa Ibra,
unaniuliza mimi?"
Akacheka kwa nusu ya uso.
Nusu ile ilinitosha mpaka alasiri.

Mnyororo niliupenda.
Kitanzi, na ndani ya kitanzi kitanzi,
nikauona mshono wangu wa chuma, magamba yamelaliana,
mkaguzi anapitisha taa na hapati pengo.
Nikajisifu kwa sauti.
Thuwaiba akakigeuza kitambaa:
huku nyuma ni Nizwa siku ya mnada,
kamba, mbuzi, vumbi, kila mtu anavuta kwake.
"Watu wataona mbele," nikasema.
"Na kichwa cha Sleyum kitakaa wapi?"

Kujaza ni elimu nyingine.
Uzi kando ya uzi, safu ya sala,
bega kwa bega na asikanyagwe mtu.
Ukivuta, kitambaa kinakunja uso.
Ukilegeza, nyuzi zinaning'inia kama nguo za chuo cha wavulana.
Hakuna kipimo, hakuna geji,
ni kidole tu, na kidole changu
kimekaa miaka mingi ndani ya glovu ya ngozi.

Nikajichoma. Tone likaangukia jani la ua.
Nikaanza kulifunika kwa uzi wa zambarau, haraka,
kama mtoto aliyevunja kikombe.
"Mate," akasema bila kuangalia.
"Damu yako huitoka kwa mate yako, si ya mwingine."
Sikumsadiki. Nikatema, nikasugua.
Ikatoka.

Magharibi Nadhira akarudi kazini,
nikaficha kitambaa chini ya gazeti.
Kwa Kiarabu akauliza: baba anafanya nini gizani?
Kwa Kiswahili mama yake akamjibu:
"Anachomelea."

Baada ya isha nimemaliza jani la tatu.
Limeinamia kushoto kidogo, kidogo sana,
mtu akipita njiani hataona.
Thuwaiba ananyoosha mkono wake mzima,
anapapasa kwa dole gumba,
kutoka shina hadi ncha, na kurudi,
polepole, kama anayesoma.
Kiyoyozi kinanyamaza. Nasubiri.

"Fumua," anasema.

Naichukua mikasi.
Uzi mpya naukata mshazari.